Kutafuta Kijenzi cha Programu Kabla ya Kuandika Kipya

Chukua timu ya watu wanne jijini Mwanza inayohudumia wateja watano: mnunuzi wa sangara pale Kirumba, SACCOS moja ya Igoma, zahanati Nyegezi, muuzaji wa dagaa kwa jumla, na wakata tiketi za boti za visiwani. Fungua kodi (maandishi ya programu) ya mifumo yote mitano utafute kijenzi, yaani ile sehemu ya programu, inayosafisha namba ya simu. Uwezekano mkubwa utaikuta imeandikwa mara tano. Mmoja ameiita `safishaNamba`, mwingine `formatPhone`, wa tatu `msisdn`, wa nne `fixNo`, na ya tano haina jina kabisa, imejificha katikati ya fomu ya usajili. Moja inakubali nafasi kati ya tarakimu, nyingine inazikataa. Moja inajua `+255`, nyingine inaongeza `255` juu ya `255` iliyokuwepo.

Mara nyingi hapo hakuna aliyekuwa mvivu. Kila mmoja alitafuta kwa neno lake, mwenzake alikuwa ametumia neno jingine, akakosa, akaandika yake. Kwa hiyo karibu kila kinachofuata hapa kinahusu kupunguza umbali kati ya neno la anayetafuta na neno la aliyeandika. Pale maneno yanaposhindwa, kuna njia za kutafuta bila kuyategemea.

Andika hitaji kabla ya kugusa kisanduku cha utafutaji

Mistari mitano inatosha. Tuseme karani wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, anahitaji kumpa mvuvi risiti:

- Kinachoingia: orodha ya mauzo (aina ya samaki, kilo, bei ya kilo) na jumla.
- Kinachotoka: baiti za ESC/POS (amri zinazoeleweka na printa za risiti) kwa printa ya karatasi ya milimita 58.
- Mahali: lugha ya Dart, kishikwambi cha Android 8 kwenda juu.
- Masharti: ifanye kazi bila intaneti, leseni isiyotulazimisha kutoa kodi ya mteja.
- Tusichohitaji: picha, QR, amri za kukata karatasi.

Mstari wa mwisho ndio watu huuruka, na ndio unaookoa muda mwingi. Bila huo utavutwa na pakeji (kifurushi cha kodi ya wengine) kubwa yenye mambo arobaini, wewe unataka mawili.

Angalia pia kwamba "milimita 58" imeandikwa wazi. Printa ya kawaida ya upana huo huchapa nukta 384, na kwa herufi ya upana wa nukta 12 unapata herufi 32 kwa mstari. Ya milimita 80 ina nukta 576, yaani herufi 48. Kijenzi kilichoandikwa kwa ajili ya 80 kitafanya kazi kwenye 58 bila kulalamika, ila bei itaangukia mstari wa chini na mvuvi atasoma kilo za samaki mmoja pamoja na bei ya mwingine. Hitaji lililoandikwa "printa ya risiti" tu halikuonyeshi tofauti hiyo hadi ufike mwaloni.

Anzia nyumbani

Mpangilio wa kutafuta ni huu: kodi yenu wenyewe, kisha maktaba ya msingi ya lugha, kisha pakeji ambazo tayari mmezichukua, kisha maghala ya umma ya pakeji kama npm, PyPI, Packagist, pub.dev na Maven Central. Watu wengi huanzia mwisho. Sababu ya kuanzia nyumbani si uzalendo. Kodi yenu imekwisha kukutana na wateja wenu, leseni yake mnaijua, na kuileta hakuli bando.

Kwa kodi yenu, weka maghala yote ya Git (mfumo unaotunza historia ya kodi ya kila mradi) katika folda moja kisha tumia `rg` (ripgrep, programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili), au `git grep` ndani ya kila ghala:

```
rg -n -i 'simu|phone|msisdn|mobile' ~/kazi --type ts --type php
```

Hapo umetafuta kwa majina manne mara moja. Usitafute kwa neno moja ukakata tamaa.

Tafuta pia katika vilivyofutwa. Kijenzi kizuri mara nyingi huondolewa kwa sababu mteja aliacha huduma, na kosa si la kodi:

```
git log -S'ESC/POS' --all --oneline
```

Amri hii inaorodhesha kila badiliko lililoongeza au kuondoa maneno hayo. Ukiona badiliko lililofuta faili, lirudishe kwa `git show abc123^:njia/ya/faili`. Usisahau alama ya `^`: inamaanisha hali ilivyokuwa kabla ya badiliko hilo, kwa sababu ndani ya badiliko lenyewe faili limekwisha kuondoka na Git itakuambia halipo. Mtego mwingine ni ghala lililonakiliwa kwa `--depth 1`. Historia haimo, kwa hiyo `git log -S` itarudi mikono mitupu na utadhani hakuna kitu.

Pakeji mlizokwisha kuchukua zitazame kwa `npm ls --all`, `composer show --tree`, `pip list` au `mvn dependency:tree`. Ni jambo la kawaida kukuta kuwa unachokitafuta kimo tayari, kimeletwa na pakeji nyingine. Lakini usikitumie hivyohivyo kwa mlango wa nyuma. Kitangaze katika orodha yako rasmi. Siku pakeji iliyokileta ikiacha kukitumia, kitatoweka na mfumo wako utavunjika kwa sababu usiyoiona.

Majina mengi ya kitu kimoja

Mwaka 1987 Furnas na wenzake walichapisha utafiti uliopima jambo hili: watu wawili wakipewa kitu kilekile wakipe jina, uwezekano wa kuchagua neno moja ulikuwa chini ya asilimia 20. Na hao walikuwa wakitumia lugha moja. Kwetu kodi ina Kiingereza, Kiswahili na vifupisho vya kampuni za simu, vyote katika faili moja.

Kiswahili kina tabia yake inayovuruga mashine za kutafuta. Maneno yetu hubadilika mbele: kulipa, malipo, mlipaji, imelipwa. Mashine nyingi zinajua kukata mikia tu, kama mbinu ya Porter iliyotungwa kwa Kiingereza. Ukitafuta `lipa*` utapata "lipa" na "lipatikanalo", ila "malipo" hutalipata hata siku moja.

Njia rahisi ni kutafuta kwa vipande vya herufi tatu tatu. SQLite, hifadhidata inayokaa katika faili moja, inayo mbinu hiyo ndani yake tangu toleo 3.34, kwenye FTS5, sehemu yake ya kutafuta maandishi. Orodha nzima ya vijenzi vyenu inaweza kukaa katika faili moja dogo:

```
CREATE VIRTUAL TABLE vijenzi USING fts5(
  jina, kazi, visawe, njia UNINDEXED,
  tokenize='trigram');

SELECT jina, njia FROM vijenzi
WHERE vijenzi MATCH 'lip'
ORDER BY bm25(vijenzi, 8.0, 4.0, 2.0) LIMIT 10;
```

`lip` inakamata malipo, kulipa, mlipaji na imelipwa. `nunu` inakamata ununuzi, mnunuzi na manunuzi. Namba 8, 4 na 2 ni uzito wa safu: neno likiwa kwenye jina lina thamani kuliko likiwa kwenye visawe. Usiweke `DESC` ukidhani alama kubwa ndiyo nzuri. Katika FTS5 alama za bm25 (kipimo cha jinsi tokeo linavyofaa) ni hasi, na iliyo chini zaidi ndiyo inayofaa zaidi, kwa hiyo mpangilio wa kawaida ndio sahihi.

Mbinu hii ina mipaka. Haikubali neno lenye herufi pungufu ya tatu, na baadhi ya mizizi yetu ni mifupi hivyo. Mauzo, muuzaji na kuuza vinashirikiana "uz" peke yake. Hapo hakuna ujanja wa mashine; jaza safu ya `visawe` kwa mkono: "uza mauzo muuzaji sale sell". Pia `lip` italeta clipboard na flip. Vumilia. Nyumbani ni afadhali uone matokeo ya ziada kuliko kukikosa kilichomo, kwa sababu orodha ni fupi na macho yanatosha. Kwenye maghala ya umma geuza msimamo: hapo yapo mamia kwa maelfu, na kazi yako ni kuchuja.

Ukibaki na mgawanyo wa kawaida wa FTS5, unaoitwa unicode61, jua kwamba `safisha_namba` utagawanywa kuwa maneno mawili kwa sababu ya mstari wa chini, lakini `safishaNamba` utabaki neno moja. Yatenganishe mwenyewe kabla ya kuingiza.

Lakini kama vijenzi vyenu havifiki hamsini, usijenge chochote kati ya haya. Faili moja la maandishi lenye mstari mmoja kwa kila kijenzi, na `rg`, basi.

Kadi ya kijenzi

Jinsi ya kukieleza kijenzi ilifanyiwa kazi nzuri na Prieto-Díaz na Freeman, mwaka huohuo wa 1987. Badala ya kukiweka kijenzi kwenye tawi moja la mti, walikieleza kwa pande sita: kinafanya nini, kwa kitu gani, kwa chombo gani, katika mfumo wa aina gani, kwa eneo gani la kazi, na katika mazingira gani. Wazo lenyewe walilitoa kwa wakutubi. Ranganathan wa India alikuwa amelitumia kupanga vitabu tangu 1933.

Pande sita ni nyingi kwa timu ndogo, na kadi ndefu haijazwi. Tatu zinatosha: kitenzi, kitu, chombo.

- safisha | namba ya simu | fomu, SMS
- soma | uzito | mizani ya RS-232
- chapa | risiti | ESC/POS milimita 58
- geuza | saa ya Kiswahili | maandishi

Vitenzi viwe orodha iliyofungwa, kama kumi na tano hivi, iliyobandikwa mahali kila mtu anaiona. Mmoja akiandika "safisha", mwingine "rekebisha", mwingine "sawazisha", mmerudi palepale. Vitu viache huru, ila kila kitu kipya kipewe visawe vyake siku hiyohiyo.

Kadi ikae juu ya faili la kodi lenyewe kama maoni, na skripti fupi izikusanye kila kodi inapounganishwa kwenye tawi kuu. Usiiweke kwenye lahajedwali pembeni. Lahajedwali husahaulika haraka: faili likihamishwa njia inakuwa ya uongo, mtu akikosa mara mbili haendi tena kutazama.

Kutafuta kwa umbo

Jina likishindwa, tazama kinachoingia na kinachotoka. Kwenye lugha ya Haskell kuna Hoogle: unaandika aina za data tu, inakuletea fanksheni zenye umbo hilo, jina lolote liwe. Zaremski na Wing waliliandikia jambo hili kwa kina miaka ya 1990. Kwa TypeScript unaweza kuliiga kwa ukali mdogo:

```
rg -n --type ts '\(\w+: string\): string \| null'
```

Yaani fanksheni inayopokea maandishi na kurudisha maandishi au hakuna kitu. Hilo ni umbo la kawaida la kisafishaji. Tatizo ni kwamba nusu ya kodi duniani inapokea maandishi na kutoa maandishi. Njia hii inalipa pale mlipozipa aina majina yenye maana: `Kilo`, `Shilingi`, `NambaSimu`. Hapo kutafuta `Kilo, Shilingi` kunakupeleka moja kwa moja kwenye hesabu za ununuzi.

Kutafuta kwa tabia

Hii ndiyo njia tunayoiamini kuliko zote, na ndiyo isiyotumika. Ni kama kwenda duka la vipuri vya injini za boti: hukitaji kile kipuri kwa jina, unakwenda na kibovu mkononi na muuzaji anakilinganisha. Podgurski na Pierce waliieleza mwaka 1993: chagua mifano michache ya vinavyoingia, andika mwenyewe kinachopaswa kutoka, kisha iendeshe kwenye kila kijenzi chenye umbo linalofaa. Kinachojibu sawasawa ndicho.

Mifano sita hadi nane inatosha kuondoa vijenzi vingi, ili mradi iwe ya makorongo (hali ngumu), isiwe ya barabara nyeupe. Kwa msomaji wa mizani ya mwaloni:

Mizani nyingi za dijitali hutuma mistari mfululizo kupitia waya wa RS-232, mara nyingi kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Mstari huanza na `ST` uzito ukiwa umetulia, na `US` ukiwa bado unayumba. Sangara akiwa bado anarusha mkia kwenye sinia, mistari ya `US` inamiminika. Mifano ya kupima basi ni hii:

1. `ST,GS,+  12.34kg` → 12.34
2. `US,GS,+  13.90kg` → hakuna kitu
3. `ST,GS,-   0.02kg` → hasi 0.02, au kosa lililotajwa. Kamwe isiwe 0.02
4. `T,GS,+  12.34kg` (mstari uliokatwa mwanzoni) → hakuna kitu
5. Mistari miwili iliyoungana bila mwisho wa mstari kati yake → isome yote miwili au isisome wowote
6. Mstari mtupu → hakuna kitu, na isianguke

Wa pili na wa nne ndio wanaowaangusha wengi. Vijenzi vingi vya kusoma mizani vinachofanya ni kuokota namba ya kwanza vinayoiona. Mezani ofisini, na jiwe la kilo tano juu ya mizani, vinafanya kazi vizuri ajabu.

Kwa hesabu za fedha ongeza haya. `4.35 * 100` katika JavaScript, na katika lugha nyingine nyingi zinazotumia namba za desimali za kawaida, hutoa 434.99999999999994. Kijenzi kinachokata desimali badala ya kukadiria kwa namba nzima iliyo karibu kitatoa 434, mvuvi amepoteza gramu kumi katika kila pimo la namna hiyo. Kisha jaribu kilo 37.4 kwa shilingi 8,750: lazima itoke 327,250, na iandikwe hivyo. ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, inaipa shilingi ya Tanzania nafasi mbili za senti, japo sokoni senti hakuna. Kwa hiyo maktaba nyingi zitaandika 327,250.00, na baadhi ya vijenzi vya malipo hutarajia upeleke kiasi kikiwa kimezidishwa kwa mia. Ukikosea upande mmoja umedai shilingi 32,725,000. Ukikosea upande wa pili umelipwa 3,272.50. Kwenye `Intl.NumberFormat` ya JavaScript weka `minimumFractionDigits` na `maximumFractionDigits` zote ziwe 0.

Kwa namba za simu, mifano iwe: iliyoanza na 0, iliyoanza na 255, iliyoanza na +255, isiyo na chochote mbele, yenye nafasi na vistari, yenye tarakimu pungufu moja, na ya nchi jirani. Ziwa hili lina nchi tatu na wateja wa dagaa hutoka pande zote. Namba ya +256 (Uganda) isigeuzwe ya Tanzania kimyakimya. Hapa maktaba ya libphonenumber ya Google, ikipewa eneo la `TZ` na kuombwa muundo wa E.164 (muundo wa kimataifa wa namba za simu), inafaulu bila shida, na hatuoni sababu ya mtu kuandika yake. Ila iboreshe mara kwa mara. Orodha ya tarakimu za mwanzo imo ndani ya pakeji, na toleo la zamani litaikataa namba ya kundi jipya ambayo ni halali kabisa.

Endesha majaribio haya mahali palipofungwa, kwa mfano `docker run --network none`, kwenye folda isiyo na funguo za mteja wala nakala ya hifadhidata yake. Bado hujajua unachokiendesha.

Ukifika maghala ya umma

`pip search` haifanyi kazi. PyPI iliizima Desemba 2020 kwa kuzidiwa na maombi. Tumia tovuti yao. Kwa npm, `npm view jina license time.modified dependencies` inakupa mengi ya kuamulia bila kupakua chochote.

Mambo ya kukagua, kwa uzito wake. Leseni kwanza. MIT, BSD na Apache 2.0 hazikusumbui. GPL inakubana ukimpa mteja programu yenyewe, kama ile ya kwenye kishikwambi. AGPL inakubana hata ikiwa kwenye seva tu. Kodi iliyowekwa hadharani bila leseni yoyote ni mali ya mwenyewe, huna ruhusa.

Pili, uwiano wa kazi na mzigo. Machi 2016 mwandishi wa pakeji ya left-pad aliiondoa kwenye npm. Ilikuwa na mistari 11 ya kodi, kazi yake kuongeza nafasi mbele ya maandishi, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo. Kwa kitu cha ukubwa huo, nakili kodi na leseni yake uweke kwenu, usiongeze tegemeo.

Tatu, nani anaitunza sasa. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream alimkabidhi pakeji mtu aliyejitolea kusaidia, na mtu huyo akaingiza tegemeo lililolenga kuiba sarafu za kidijitali za watumiaji wa pochi moja. Idadi kubwa ya upakuaji haikuwalinda. Tazama kama mtunzaji amebadilika karibuni, na kama toleo jipya limeleta tegemeo ambalo halikuwepo.

Ukipewa jina la pakeji na programu ya akili bandia, lihakiki ghalani kabla ya kuandika `install`. Programu hizo hutunga majina yanayosikika vizuri, na kuna watu wanaosajili majina ya kutungwa makusudi wakisubiri mtego unase. Kuwepo kwa jina peke yake si ushahidi. Fungua ghala la kodi usome.

Kuna pia utafutaji wa kurudi nyuma: kujua wapi kwenu kijenzi fulani kimo. Desemba 2021 udhaifu wa kiusalama wa Log4j (maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo), wenye namba CVE-2021-44228, ulipotangazwa, walioteseka zaidi ni wale ambao hawakujua kama wanayo, kwa kuwa ililetwa na pakeji nyingine ndani ya nyingine. Faili la kufunga matoleo, yaani `package-lock.json`, `composer.lock` na wenzake, likiwa ghalani kwa kila mradi, jibu ni `rg` moja katika folda ile ya maghala yote.

Kukileta

Ukiwa mjini na mtandao mzuri hii ni amri moja. Ukiwa Nansio, kisiwani Ukerewe, unarekebisha kompyuta ya mteja kwa bando la simu, ni habari nyingine. Andaa kabla ya kupanda meli. Kwa Python:

```
pip download -d ghala -r requirements.txt \
  --platform manylinux2014_x86_64 \
  --python-version 39 --only-binary=:all:
```

na kule ng'ambo:

```
pip install --no-index --find-links ghala -r requirements.txt
```

Mistari miwili ya `--platform` na `--python-version` si mapambo. Bila hiyo `pip` inapakua vinavyoifaa kompyuta yako, yenye Python 3.12 kwa mfano, na seva ya mteja yenye 3.9 itavikataa vyenye sehemu zilizokusanywa kwa C. Utakuwa umebeba folda isiyofaa kuvuka ziwa. Thibitisha kwanza toleo la kule kwa `python3 --version`, kwa simu kama hakuna njia nyingine.

Kwa npm, weka Verdaccio, ghala dogo la npm la kwenu wenyewe, kwenye kompyuta moja ya ofisi (husikiliza bandari 4873). Kila pakeji inayopita inabaki nakala, wa pili anaichukua hapo bila kutoka nje. Kwa maghala yenu wenyewe, `git bundle create mradi.bundle --all` inakupa faili moja la kubeba kwenye flashi, na kule `git clone mradi.bundle` inalifungua na historia yake yote.

Kukivisha na kukiandika

Usikiite kijenzi cha nje moja kwa moja kutoka kila kona ya mfumo. Kipe fanksheni moja yenu inayokizunguka, yenye jina kutoka kwenye orodha yenu ya vitenzi, `somaUzito` au `safishaNambaSimu`, na ile mifano sita uliyopimia ihamie kwenye majaribio ya fanksheni hiyo. Ukibadilisha kijenzi kesho unagusa faili moja, na majaribio yanakuambia kama kipya kinafanana na cha zamani.

Wekeni kikomo cha muda pia. Kwa kitu ambacho mtu mzoefu angekiandika nusu siku, saa moja ya kutafuta inatosha, ikiisha, andika. Kwa vitu kama usimbaji fiche, saa za maeneo, au kusoma PDF, usiandike hata ukitafuta wiki.

Mwishoni jaza kadi ya kilichochukuliwa, na chini yake mstari mmoja mmoja wa vilivyokataliwa: jina, toleo, sababu. "Inasoma mistari ya US." "Leseni AGPL." "Upana umefungwa herufi 48." Atakayetafuta mwakani ataanza kwa maneno yaleyale na kuletewa vijenzi vilevile, na toleo likiwa limeandikwa atajua kama sababu ile bado ipo au imekwisha kurekebishwa.